Jumamosi ya Pili ya Mwezi: Mwongozo kwa Mhitimu Aliyeanza Kazi na Anayetaka Kuwalea Wadogo Zake

Mwongozo huu nimemwandikia mhitimu wa chuo aliyepata ajira yake ya kwanza ndani ya mwaka mmoja au miwili, anayepanga chumba mjini, anayekatwa mkopo wa elimu ya juu kila mwisho wa mwezi, anayejiandaa kwa mitihani ya bodi ya taaluma yake, na ambaye pamoja na mizigo hiyo yote moyo wake hautulii anapowakumbuka wanafunzi walioko leo pale alipokuwa yeye miaka michache iliyopita. Mimi ni mhasibu, ninafanya kazi Dar es Salaam, na huu ni mwaka wa saba tangu nianze kukutana na wanafunzi wa kidato cha nne katika shule moja ya kata. Mifano yangu itakuwa ya uhasibu na ya Tanzania kwa sababu huko ndiko ninakokujua. Muuguzi au mhandisi atabadilisha tarehe na kubaki na njia ileile.

Neno kujitolea limebeba maana mbili siku hizi. Wapo vijana wanaojitolea katika ofisi bila mshahara wakitarajia kwamba nafasi ikitokea watafikiriwa kwanza, na hali yao inastahili kuzungumzwa peke yake. Ninayoyaeleza hapa ni ya yule aliyekwisha kupata mkate wake, japo mdogo, na anataka kutoa sehemu ya muda wake kwa wanaomfuata bila kuiharibu kazi inayompa mkate huo.

Nianze na kosa langu, kwa kuwa hatua zote zitakazofuata zimetoka humo. Mwaka wa kwanza niliwaahidi wanafunzi kwamba ningekuja kila Jumamosi. Ilipofika Januari, hesabu za mwaka zikawa zinafungwa ofisini, na Jumamosi moja nikabaki mezani tangu asubuhi hadi jioni huku simu ikiwa imezima chaji. Jumatatu mwalimu wa malezi aliniambia kwamba binti mmoja wa kidato cha nne alikaa kwenye benchi chini ya mwarobaini tangu saa tatu asubuhi hadi saa saba mchana, na kwamba mkononi alikuwa na bahasha ya kaki yenye cheti chake cha kuzaliwa, kwa sababu nilikuwa nimewaambia waje na vyeti nione kama majina yanalingana na yale waliyosajiliwa nayo shuleni. Lake halikulingana. Hakurudi kwenye kikundi mpaka Aprili, na aliporudi hakuleta tena bahasha, hata nilipomwomba. Nilijifunza kwamba mtoto huhesabu siku kwa makini kuliko sisi, na kwamba saa mbili kwa mwezi zisizokosekana zinamjenga kuliko ahadi ya kila wiki inayovunjwa.

Hatua ya kwanza: Acha miezi ya majaribio ipite

Usianze huduma yoyote yenye ratiba katika miezi sita ya kwanza ya ajira. Najua ushauri huu unawaudhi wengi, kwa sababu ari huwa kubwa zaidi mtu anapotoka chuoni, lakini Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 haimlindi dhidi ya kuachishwa kazi isivyo haki mwajiriwa ambaye hajatimiza miezi sita kwa mwajiri huyo, na ni katika miezi hiyo ambapo msimamizi wako anaamua kama wewe ni mtu wa kutegemewa au wa kufuatwafuatwa. Ukipoteza ajira, kikundi ulichokianzisha kitakufa pamoja nayo, kwa sababu nauli ya kukifikia ilikuwa inatoka kwenye mshahara.

Miezi hiyo ina kazi nyingine. Nunua kaunta buku na uandike kila wiki ni siku zipi ulichelewa kutoka, ni kazi gani iliyokuchelewesha na kama itarudi mwezi ujao. Kwa mujibu wa sheria hiyohiyo saa za kawaida za kazi hazizidi 45 kwa wiki, na likizo ya mwaka ni siku 28 mfululizo, lakini kila ofisi ina mawimbi yake ambayo hayakuandikwa kwenye mkataba. Huwezi kuahidi Jumamosi usiyoijua.

Hatua ya pili: Hesabu mshahara kama ulivyo

Wengi wetu huanza kusaidia kwa pesa kabla ya kusaidia kwa muda, na hapo ndipo wanapokwama. Chukua hati yako ya mshahara na uifanyie hesabu mwenyewe. Tuseme mshahara wa msingi ni shilingi 800,000. Mchango wako wa NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii, ni asilimia 10, yaani shilingi 80,000. Marejesho ya Bodi ya Mikopo ni asilimia 15 ya mshahara wa msingi, yaani shilingi 120,000. Kodi ya PAYE, ile ya mapato ambayo mwajiri huikata kwenye mshahara, inakokotolewa kwenye kinachobaki baada ya kutoa mchango wa hifadhi ya jamii, yaani shilingi 720,000: kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, shilingi 270,000 za kwanza hazitozwi, zinazofuata hadi 520,000 zinatozwa asilimia 8, na zinazozidi hapo hadi 760,000 zinatozwa asilimia 20, kwa hiyo kodi ni shilingi 60,000. Mkononi unabaki na shilingi 540,000, na kutoka humo inatoka kodi ya chumba, ambayo wenye nyumba wengi bado wanaitaka ya miezi sita kwa mkupuo, kisha chakula, nauli, ada ya mitihani ya bodi na yale ya nyumbani.

Mimi nimejiwekea asilimia 5 ya kinachobaki mkononi. Kwa mfano huu ni shilingi 27,000 kwa mwezi, na humo ndimo zinamotoka nauli, chaki, nakala za karatasi na, mara mojamoja, maandazi ya kikundi. Fungu likiisha limeisha. Sikopi ili nihudumu, na wala simkopeshi mwanafunzi wala mzazi wake. Mwanafunzi mwenye shida ya fedha iliyo kubwa kuliko daftari hupelekwa kwa mwalimu wa malezi au kwa ofisa ustawi wa jamii wa kata, ambao wana namna ya kumsaidia bila kumfanya awe na deni la kukuangukia. Jambo la pembeni, ila ni muhimu: omba taarifa ya deni lako Bodi ya Mikopo walau mara moja kwa mwaka na uilinganishe na makato yaliyomo kwenye hati zako za mshahara. Ile tozo ya asilimia 6 ya kulinda thamani ya mkopo ilifutwa mwaka 2021, na kila mdaiwa anapaswa kujua kwa namba amebakiza kiasi gani. Mtu asiyejua deni lake ni rahisi kuahidi pesa ambazo si zake.

Hatua ya tatu: Weka kalenda mbili juu ya meza moja

Hii ndiyo hatua ninayoomba uipe muda mrefu kuliko nyingine. Kalenda ya kwanza ni ya kazi yako. Ofisini kwetu PAYE ya mwezi uliopita inapaswa kuwa imelipwa ifikapo tarehe 7, na ritani ya VAT, kodi ya ongezeko la thamani, inawasilishwa kufikia tarehe 20. Siku chache kabla ya tarehe hizo sina uhuru hata wa kula mchana kwa utulivu. Nilipoziandika tarehe hizo kwenye karatasi moja niligundua kwamba Jumamosi ya pili ya mwezi, kwa vyovyote vile, huangukia kati ya tarehe 8 na 14, yaani baada ya wimbi la kwanza na kabla ya wimbi la pili. Tangu hapo kikundi chetu hukutana Jumamosi ya pili, saa tatu asubuhi hadi saa tano. Wanafunzi hawahitaji kupigiwa simu kukumbushwa, mkuu wa shule anajua, mama yangu anajua, na hata wale wanaonialika kwenye vikao vya harusi wameizoea.

Kalenda ya pili ni ya wanafunzi na ya mitihani yako mwenyewe, na hapa mambo yanagongana. Mtihani wa taifa wa kidato cha nne hufanyika Novemba. Mitihani ya NBAA, bodi yetu ya wahasibu, ile inayompa mhasibu cheti cha CPA, hufanyika Mei na Novemba. Mwaka wangu wa pili sikulitazama hilo. Oktoba nzima nilikwenda shuleni kila Jumamosi nikiwasaidia watoto marudio ya hisabati, na Novemba nikafeli somo moja la bodi ambalo nililijua vizuri. Sikuwalaumu watoto, maana wao hawakuniomba niache kusoma. Tangu mwaka uliofuata, kazi nzito ya kikundi huisha Agosti. Septemba na Oktoba nakwenda Jumamosi ile moja tu, nawasikiliza, nawatia moyo, na marudio yanabaki mikononi mwa walimu wao, ambao ndio wanaoyaweza. Jioni zote nyingine za miezi hiyo ni za vitabu vyangu.

Kama wewe ni mhandisi uliye kwenye mafunzo ya vitendo ya miaka mitatu chini ya Bodi ya Usajili wa Wahandisi, huenda uko eneo la mradi mbali na mji, na Jumamosi kwako ni siku ya kazi kama nyingine. Basi usianzishe kikundi cha kila mwezi. Panga ziara tatu kwa mwaka, kila moja ya siku moja, na ndani ya zile siku 28 za likizo tenga siku tatu kwa ajili hiyo tangu Januari. Muuguzi wa zamu naye asiahidi siku ya wiki. Aombe ratiba ya zamu itoke kwanza, ndipo awaambie watoto tarehe. Kinachotakiwa ni tarehe inayojulikana mapema na isiyobadilika, hata kama ni chache.

Hatua ya nne: Chagua sehemu moja, iliyo karibu

Mshika mawili moja humponyoka, na mhitimu mwenye ari hushika matano: kikundi cha kanisani au madrasa, chama cha wahitimu wa chuo chake, kusafisha fukwe, kuchangia damu, na watoto wa mtaani kwao. Kuchangia damu unaweza kwenda siku yoyote ukiwa na afya, na fukwe hazitasikitika usipotokea. Kumlea mtu ni tofauti kwa sababu anakuzoea. Kwa huduma ya aina hiyo chagua sehemu moja tu.

Kigezo changu cha umbali ni daladala moja. Ukilazimika kubadilisha gari mara mbili, siku ya mvua hutakwenda, na Dar es Salaam ina mvua za masika na za vuli. Shule uliyosoma wewe huvuta moyo zaidi, lakini kama iko Songea na wewe uko Dar es Salaam, ipelekee barua ya salamu na chagua ya jirani. Watoto wa jirani nao wana haja.

Watu wa Pwani waliijua kazi hii kabla ya sisi kuitafutia majina mapya. Msichana alikuwa na somo au kungwi wake, mwanamke mzima aliyekabidhiwa kumfunda, na uhusiano huo ulidumu hata baada ya msichana kuolewa na kuwa na watoto. Ninachokipenda katika mila hiyo ni kwamba somo hakujiteua: wazazi walimjua, mtaa ulimjua, na akikosea palikuwa na wa kumuuliza. Hilo linatupeleka kwenye hatua inayofuata.

Hatua ya tano: Ingia kupitia mlangoni

Mkuu wa shule ndiye mwenye mlango. Mwandikie barua ya ukurasa mmoja ukieleza wewe ni nani, unafanya kazi wapi, unataka kukutana na wanafunzi wa kidato gani, mara ngapi, kwa muda gani na kuhusu nini. Ambatisha nakala ya kitambulisho chako na jina la mtu mmoja anayekufahamu katika mtaa ule. Akikuelekeza uanzie kwa ofisa elimu wa sekondari wa halmashauri, nenda huko bila kinyongo. Shule ya serikali si uwanja wa mtu kuingia kwa sababu ana nia njema. Omba upewe mwalimu wa malezi na unasihi awe mwenyeji wako, na mkubaliane kwamba mikutano yote itafanyika shuleni, darasani au uani, milango ikiwa wazi.

Kuna mipaka ambayo sijawahi kuilegeza na sitailegeza. Sikutani na mwanafunzi peke yake mahali pasipoonekana. Simpeleki nyumbani kwangu. Simpigii simu wala kumwandikia ujumbe. Nikilazimika kumtafuta, napiga simu kwa mzazi au mlezi wake, na mwalimu anajua. Mwanafunzi akinieleza jambo la kuumizwa, la nyumbani au la njiani, simwahidi siri, kwa sababu siwezi kuitunza na huku nikimlinda. Namwambia taratibu kwamba tutamshirikisha mwalimu, na mwalimu hulifikisha kwa ofisa ustawi wa jamii au kwenye dawati la jinsia na watoto la polisi. Namba ya simu ya watoto, 116, ambayo haitozwi, nimeiandika pembeni mwa ubao wa darasa letu, na kila Januari tunaiandika upya.

Hatua ya sita: Jua unachokwenda kusema

Saa mbili ni chache, na njia ya haraka ya kuzipoteza ni kuwahutubia watoto kuhusu ndoto zao. Wameshahutubiwa vya kutosha. Wanachokikosa ni taarifa sahihi kutoka kwa mtu aliyeipitia njia karibuni, na taarifa hiyo huchakaa upesi kuliko tunavyodhani. Mimi nilipomaliza kidato cha nne tahasusi, yaani michepuo ya masomo ya kidato cha tano na sita, zilikuwa chache na kila mtu alizijua kwa herufi zake: PCM, PCB, HGL, ECA na wenzake. Mwaka 2024 Serikali ilizipanua kutoka 16 hadi 65. Mwalimu wa malezi ndiye aliyeniokoa kwa kunipa orodha mpya, la sivyo ningewaelekeza watoto kwa ramani isiyokuwepo. Kwa hiyo kila mwaka, kabla ya mkutano wa kwanza, soma upya mwongozo wa fomu ya machaguo ambayo wanafunzi wa kidato cha nne huijaza, angalia vyuo vya ufundi stadi vya VETA vinafundisha fani gani karibu na hapo, na uwe tayari kusema kwamba jambo hili la zamani limebadilika.

Jambo la pili ni vyeti, na ninalisisitiza kuliko somo lolote. Mwombaji wa mkopo wa elimu ya juu anatakiwa awe na cheti cha kuzaliwa kilichohakikiwa na RITA, wakala wa Serikali anayesajili vizazi na vifo, na wapo watoto wanaofika kidato cha sita wakiwa hawana cheti, au wakiwa na cheti chenye jina la babu mahali ambapo shule imeandika jina la ukoo. Miaka miwili inatosha kulirekebisha hilo. Muda mfupi wa dirisha la maombi hautoshi. Baada ya yule binti wa bahasha ya kaki, mkutano wetu wa Februari umekuwa wa vyeti peke yake. Kila mtoto anakuja na nakala, tunakaa wawili wawili, mmoja anasoma jina herufi kwa herufi na mwenzake anafuatisha kwa kidole kwenye orodha ya shule. Mwaka jana herufi moja, L mahali pa R, ilipatikana kwa njia hiyo, na mama wa kijana yule alianza kuishughulikia wiki ileile.

Jambo la tatu huwa linawashangaza watu wazima: ninawaonyesha hati ya mshahara. Si yangu, bali ile ya mfano wa shilingi 800,000 niliyoieleza hapo juu. Ninaiandika ubaoni, nawauliza mtu huyu atapeleka nyumbani kiasi gani, na wengi hujibu laki nane. Kisha tunakokotoa asilimia moja baada ya nyingine. Mara ya kwanza kijana mmoja wa nyuma, ambaye mwalimu alikuwa ameniambia haiwezi hisabati, alimaliza makato ya PAYE kabla ya wengine wote, kisha akauliza ni kwa nini mchango wa hifadhi unatolewa kwanza ndipo kodi ikokotolewe. Ni swali ambalo niliwahi kulisikia likiulizwa na mwajiriwa wa mwaka wa tatu. Wewe uliye muuguzi chukua hesabu ya dripu, uliye mhandisi chukua vipimo vya zege. Watoto wanaheshimu kazi wakiona jinsi inavyofanyika.

Pana kipindi ambacho huduma nyingi hukisahau. Mwanafunzi wa kidato cha nne humaliza mtihani Novemba, na kidato cha tano huanza Julai. Kwa takriban miezi saba hana shule, hana sare, hana mwalimu wa kumuuliza yuko wapi, na ni katika miezi hiyo ambapo wengine hutumwa mbali kufanya kazi za ndani au huingia kwenye biashara ndogo wasiyoweza kuitoka. Kwa mhasibu ni kipindi kibaya, kwa kuwa Januari hadi Machi hesabu za mwaka zinafungwa na wakaguzi wako ofisini. Tulichofanya ni kuwapa wahitimu hao kazi. Wanarudi Jumamosi ya pili, kwa ruhusa ya mkuu wa shule, na kila mmoja anasaidiwa kumfundisha mdogo wake wa kidato cha tatu aliyeingia cha nne. Matokeo yakitoka tunakaa saa nzima kuyasoma bila kelele, kisha anayetaka kubadilisha machaguo anaelekezwa namna ya kufanya hivyo. Aliyefeli anakaa karibu nami, na tunazungumzia kurudia mitihani au ufundi. Sijawahi kumwambia mtu yeyote kwamba kufeli si kitu; ni kitu, kinauma, na kina njia ya kutokea.

Hatua ya saba: Zungumza na ofisi yako, na utafute wa kukulea wewe

Mwambie msimamizi wako mapema kwamba Jumamosi ya pili asubuhi huwa unajitolea, na kwamba kazi ikilazimu utamjulisha mwalimu kabla ya Alhamisi. Usiombe ruhusa ya kuacha kazi iliyokwisha kupangwa, usichapishe karatasi za wanafunzi kwenye mashine ya ofisi, wala usiwachangishe wenzako kila mwezi. Ukiombwa usimulie unachofanya, simulia kwa idadi ya kweli. Kikundi chetu kina wanafunzi kati ya kumi na wawili na ishirini, na ndivyo kilivyoandikwa katika wasifu wangu.

Kisha mtafute mtu aliyekutangulia kwa miaka kumi hivi katika taaluma yako, muombe nusu saa kila baada ya miezi mitatu, na umpelekee swali moja lililoandikwa. Mimi niliyemwendea ni mama mmoja mhasibu aliyekaribia kustaafu. Nilipomweleza nilivyofeli ule mtihani wa Novemba hakunipa pole ndefu. Alifungua kalenda yake, akaniuliza Jumamosi zangu za Oktoba zilikwenda wapi, na tukazihesabu pamoja. Kalenda mbili nilizozieleza zilianzia mezani kwake.

Nyumbani nako kuna huduma. Mdogo wako anayesoma kwa mshahara wako, shangazi unayempeleka kliniki na michango ya misiba havipaswi kutajwa kama vikwazo vya kujitolea. Mwaka ambao baba yangu aliugua nilikwenda shuleni mara nne tu. Niliwaambia wanafunzi sababu, mwalimu akawasimamia, na hakuna aliyekaa kwenye benchi akinisubiri.

Hatua ya nane: Andaa makabidhiano ukiwa bado upo

Kazi changa huhamahama. Utapata nafasi Dodoma, utaolewa au kuoa, utarudi chuoni kusoma shahada ya pili, au utachoka, na kuchoka ni sababu halali. Tangu mwaka wa pili tafuta mhitimu mwingine wa kukusaidia, ikiwezekana aliyepitia kikundi hichohicho, na kila mkutano mpe sehemu ya kuongoza. Kaunta buku ya kikundi iwe na safu tatu tu: jina la kwanza la mwanafunzi, nilichomwahidi, na tarehe niliyokitimiza. Mambo ya siri ya mtoto hayaandikwi humo. Hayo yanabaki kwa mwalimu.

Ukijua tarehe ya kuondoka, waambie wanafunzi miezi miwili kabla, wala si siku ya mwisho. Mpeleke mrithi wako kwa mkuu wa shule akiwa na barua yake mwenyewe. Pitieni safu ya pili ya daftari mstari kwa mstari, na kila ahadi ambayo haina tarehe pembeni muitimize kabla hujaondoka, au mwende wote wawili kwa mtoto mwenyewe mumweleze nani ataitimiza na lini. Jumamosi ya kwanza ya mrithi wako nenda ukae dawati la nyuma, usiseme neno mpaka saa tano, uwaage. Jumamosi ya pili ya mwezi unaofuata usiende.